Jasi, lango na bamvua: uchambuzi wa kisa cha majaruba yaliyoingiwa na bahari mkoani Lindi

Kwa nini nakiandika kisa hiki

Haya yalitokea kwenye bonde la chini la mto mmoja mkoani Lindi, pale maji ya mto yanapoanza kukutana na mikoko. Majina ya kijiji, kikundi na watu nimeyaacha, pamoja na alama ambazo zingewatambulisha. Vipimo na mavuno nimeyatoa kwenye daftari la kikundi. Wakati huo nilikuwa afisa ugani wa kata, na baadhi ya maamuzi yaliyoharibu kazi niliyapitisha mimi mwenyewe.

Siku hizi mkulima wa mpunga akilalamika kuhusu chumvi, jibu analopewa haraka ni "weka jasi". Jasi ni madini meupe yenye kalsiamu, na mkoa wetu unayo kwa wingi. Inachimbwa Kilwa, huko Makangaga na Kiranjeranje, na malori yake yanayokwenda viwanda vya saruji tunapishana nayo barabarani. Kwa hiyo ushauri huo ni rahisi kuutoa na ni rahisi kuufuata. Ila jasi huibandua chumvi kwenye udongo tu. Kuitoa shambani ni kazi ya maji, na maji hayo lazima yawe na pa kutokea. Kikundi hiki kilipoteza msimu mzima kabla hatujalielewa hilo, na kwa watu wanaokula wanachovuna, msimu mzima ni kitu kikubwa.

Usuli

Kikundi kilikuwa na wanachama 23 na ekari 12 za majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta: ekari 4 za juu, 3 za kati na 5 za chini zilizopakana na mikoko. Udongo ni mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi hadi mguu wa mtoto unazama kwenye ufa. Upande wa bahari palikuwa na boma la udongo lililojengwa na wazee, na katikati yake lango dogo la mbao ambalo halikuwa limefunguliwa kwa miaka mingi. Wengi walipanda SARO 5, mbegu iliyoboreshwa, na wachache mbegu zao za kienyeji. Katika mwaka mzuri ekari moja ilitoa gunia 14 za kilo 100.

Kama inavyojulikana kusini, mvua zetu ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei, na mara nyingi Februari hukatika kwa wiki mbili tatu. Mto unapopungua katika ukavu huo, maji ya chumvi hupanda kutoka mlangoni mwa mto. Hivyo bonde lina maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya kutosha kwa miezi michache tu, na kila mpango wa kuosha chumvi lazima uingie ndani ya miezi hiyo.

Bahari ilivyoingia

Ilikuwa Machi, mwezi wa bamvua kubwa, zile siku bahari inapojaa kupita kawaida. Kaa walikuwa wametoboa boma kwa muda mrefu bila mtu kujali, na usiku mmoja maji yalipojaa sehemu ya hatua kumi ilibomoka. Bahari iliingia kwa siku nne, kila maji yanapojaa, kabla ya vijana kuziba kwa viroba vya mchanga. Wazee wa Lindi hupima maafa ya aina hii kwa kimbunga cha Aprili 1952, na waliokuwapo walisema hili ni dogo. Kwa mpunga halikuwa dogo.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kiasi cha gramu 35. Mpunga huanza kupungukiwa mavuno pale chumvi ya udongo inapozidi desisimensi 3 kwa mita (kipimo cha chumvi kwa jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme), na kila desisimensi inayoongezeka hupunguza mavuno kwa kiasi cha asilimia 12. Tena bahari iliwakuta kwenye hatua mbaya. Mpunga huvumilia chumvi wakati wa kuota na wakati wa kuchipua machipukizi, lakini ni dhaifu ukiwa mche mchanga na unapobeba mimba hadi kuchanua. Majaruba ya chini yalikuwa yamebeba mimba. Ncha za majani zilikauka zikawa nyeupe, masuke yakatoka yamesimama wima kwa kukosa uzito, na yalipopigwa yalitoa mapepe. Ekari za chini zilitoa gunia 2 kila moja.

Kiangazi kilichofuata ukoko mweupe ulitanda juu ya mabonge kama unga uliomwagika. Ukoko huo kila mtu aliuona na kuuzungumzia. Jambo lililotupita ni lile lililotokea mvua za kwanza ziliponyesha. Ukoko ulitoweka, watu wakafurahi, lakini maji yalituama kwenye majaruba siku nyingi yakiwa mazito na ya rangi ya togwa. Yalipokauka, jembe lilidunda. Chumvi nyepesi ya juu ilikuwa imeoshwa kweli, na sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi ya bahari, ikabaki imeng'ang'ania mfinyanzi. Kalsiamu huzishikanisha chembe za mfinyanzi zikafanya mabonge yenye vinjia vya maji. Sodiamu huziachanisha, zikatawanyika na kuziba kila kinjia. Ardhi iliyofika hapo inaelekea kuwa ya magadi, yaani iliyotawaliwa na sodiamu, na kuimwagia maji ya mvua peke yake ni kuizidishia kuziba.

Mwaka wa kwanza wa jasi

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe. Mwanachama mmoja aliyekuwa na ndugu machimboni alisema anaweza kupata lori moja la tani 10, wote wakaafiki. Swali likawa jinsi ya kugawa. Kila mwenye jaruba alikuwa amechanga sawa, kwa hiyo kila mmoja alitaka apate sawa. Niliulizwa, nikajibu kwamba kugawa sawa kutaepusha ugomvi. Tani 10 zikasambazwa kwenye ekari zote 12, takriban kilo 830 kila ekari.

Hatukuwa tumepima udongo. Lango halikufunguliwa. Na jasi ilimwagwa ilivyotoka lorini, mingine unga, mingine mabonge makubwa kama ngumi, ikabebwa kwa pakacha na kufukiwa kwa jembe.

Ekari za chini zilitoa gunia 3. Wakati wa kuvuna niliokota bonge moja la jasi kwenye jaruba la pembeni. Lilikuwa bado zima, kingo zake tu zimelainika kama sabuni iliyotumika siku mbili. Nililiweka mfukoni nikaenda nalo nyumbani, na jioni ile ndipo nilipofanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mwanzo. Lita moja ya maji huyeyusha jasi gramu 2.5 hivi, basi. Bonge la ngumi linahitaji maji mengi mno, na yawe yanayopita, kwa kuwa maji yaliyotuama yakishashiba jasi hayachukui tena.

Watu walianza kuiita "mawe ya saruji". Siwalaumu.

Glasi mbili barazani

Kabla ya kuomba mchango mwingine nilihitaji kuwaonyesha kitu kwa macho. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kikundi, mama wa makamo mwenye jaruba la chini kabisa, tukakaa barazani kwake. Tulichukua glasi mbili za kioo, tukazijaza maji ya mvua kutoka kwenye pipa. Katika glasi ya pili tulitia nusu kijiko cha jasi iliyosagwa, tukakoroga. Kisha tukadondosha kwenye kila glasi kibonge kikavu cha udongo wa jaruba lake, ukubwa wa punje ya hindi, bila kutikisa.

Kwa dakika kumi hivi hapakuwa na tofauti. Halafu kwenye glasi ya kwanza ukungu ulianza kutoka kuzunguka kile kibonge, kama maziwa yanavyotoka kwenye nazi inapokamuliwa majini. Baada ya saa mbili maji yote ya chini yalikuwa na ukungu mzito kiasi kwamba kidole chake nyuma ya glasi hakikuonekana. Katika glasi yenye jasi kibonge kilikuwa kimemeguka vipande, lakini vipande vimetulia chini na maji ni angavu.

Alizitazama kwa muda mrefu. "Kumbe udongo wenyewe ndio unaoziba, bwana shamba," akasema. "Sasa hii ya jasi, chumvi yake imekwenda wapi?"

Nikamwambia imo humo humo ndani ya maji. Akainamisha glasi akayamwaga nje ya baraza. "Basi inabidi imwagwe hivi," akasema. Mpango wa mwaka wa pili ulianzia hapo, na aliyeutamka ni yeye.

Jaribio hili halihitaji maabara. Ningeshauri kila mwenye jaruba la pwani alifanye kabla ya kununua hata kiroba kimoja cha jasi. Maji yakibaki angavu kwenye glasi isiyo na jasi, na bado shamba lina chumvi, huenda anachohitaji ni kuosha kwa maji na mfereji tu.

Vipimo na jinsi tulivyovisoma

Safari hii tulichukua sampuli sehemu tatu, kwa vina viwili, zikapelekwa maabara. Ekari za juu zilikuwa na chumvi desisimensi 1.9 kwa mita, na sodiamu ilishika asilimia 6 ya nafasi ambazo mfinyanzi hushikia madini. Za kati zilikuwa na 4.3 na asilimia 13. Za chini 8.6, asilimia 24, na pH (kipimo cha utindikali) 8.4. Kwa kawaida udongo huhesabiwa kuwa wa chumvi ukizidi desisimensi 4, na wa magadi sodiamu ikizidi asilimia 15. Ekari za chini zilikuwa na matatizo yote mawili kwa pamoja. Za juu hazikuwa na lolote, maana yake thuluthi ya lori letu la kwanza tuliifukia mahali isipohitajika.

Kulikuwa na hatari nyingine iliyonikosesha usingizi. Udongo uliowahi kuwa wa mikoko mara nyingi hubeba madini ya chuma na salfa yaliyotulia kwenye tope lisilo na hewa. Ukiyachimbua yakapata hewa, hugeuka tindikali kali, pH ikashuka chini ya 4, na ardhi hiyo jasi haiisaidii, inadai chokaa. Tukachimba shimo la majaribio karibu na boma. Kuanzia sentimita 40 tulikuta tope la kijivu lenye harufu ya yai viza. Tukaamua mfereji upande ule usizidi sentimita 40, hata kama fundi alidai mfereji wa kina kirefu hutoa maji vizuri zaidi. Uamuzi huu naujivunia.

Kiasi cha jasi tulikipata hivi. Mfinyanzi ule ulikuwa na uwezo wa kushika vipimo 22 vya madini, na asilimia 24 yake ni kama 5.3 za sodiamu. Tulitaka ishuke hadi asilimia 10, yaani 2.2. Iliyobaki kuondolewa ni 3.1. Kila kipimo kimoja kwenye udongo wa kina cha sentimita 15 kinahitaji kilo 700 za jasi safi kwa ekari, kwa hiyo 3.1 ni kama tani 2.2. Jasi yetu haikuwa safi yote, ina mchanga na udongo ndani yake, tukaongeza robo. Ikafika tani 2.7 kwa ekari, zaidi ya mara tatu ya ile tuliyoweka mwaka uliopita. Na kuziyeyusha tani hizo kunahitaji maji yenye kina cha sentimita 27 hivi kwenye ekari nzima. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo iliyobadilisha ratiba yote ya msimu.

Maamuzi ya mwaka wa pili

Pesa zilitosha tani 8. Nilisema wazi kwamba zote ziende kwenye ekari 3 kati ya zile 5 za chini, na nyingine zisipate kitu. Mkutano ule ulikuwa mgumu kuliko yote. Mzee mmoja mwenye jaruba la juu aliuliza kwa nini achange kwa ajili ya shamba la mwenzake. Aliyejibu ni mwenyekiti: mfereji wa chini ukitoa maji, jaruba la juu nalo litapata pa kumwaga, na bahari ikishashika za chini, haitasimama hapo. Walikubaliana kwamba watakaonufaika mwaka huu watalipa siku za kazi kwenye majaruba ya wenzao, na siku hizo ziliandikwa daftarini jina kwa jina. Bila daftari lile nadhani kikundi kingevunjika.

Jasi ilitwangwa na kuchekechwa kwa wavu wa dirishani. Kazi hiyo ilichukua siku tisa na iliwaumiza watu mikono, lakini safari hii hakuna bonge lililoingia shambani. Ilisambazwa juu ya udongo mkavu mwanzoni mwa Desemba na kuchanganywa sentimita 10 hadi 15 za juu kwa pawatila, trekta dogo la kuongozwa kwa mkono. Jasi ilitangulia, maji yakafuata. Ukianza na maji, mfinyanzi unaziba kabla jasi haijafanya lolote.

Mapendekezo mawili tuliyakataa. La kwanza ni salfa. Huku kila nyumba yenye mikorosho inaifahamu salfa ya unga, na mtu alikuwa na mifuko miwili iliyobaki. Kwa hesabu, kilo 19 za salfa hufanya kazi ya kilo 100 za jasi, kwa hiyo inavutia. Lakini salfa haina kalsiamu. Inahitaji vijidudu vya udongo viigeuze tindikali, kisha tindikali hiyo iyeyushe chokaa iliyomo ardhini ili kalsiamu ipatikane. Udongo wetu ulipotiwa tindikali maabara haukutoa povu, haukuwa na chokaa ya kuyeyusha. La pili ni majivu ya jikoni, ambayo mwanachama mmoja alishaanza kuyamwaga. Majivu ya kuni yanapandisha pH na yana chumvi zake; kwenye ardhi ya pH 8.4 ni kuongeza mzigo. Majivu ya pumba za mpunga ni habari nyingine, sehemu kubwa yake ni silika, na silika husaidia mizizi ya mpunga kupunguza sodiamu inayopanda kwenye majani. Yale tuliyaweka kitaluni.

Miche ilikaa kitaluni siku 30 badala ya 21, kwenye ekari za juu zenye maji baridi, ili ile hali ya udhaifu wa utoto ipite kabla haijaonana na chumvi. Tulipandikiza kwa nafasi ndogo kuliko kawaida. Kwenye mbolea tulitumia SA (salfeti ya amonia) badala ya urea, kwa sababu udongo wenye pH kubwa hupoteza sehemu kubwa ya urea hewani, na tuliongeza salfeti ya zinki.

Lango, na mzee wa mashamba ya chumvi

Tulichimba mfereji na kutengeneza lango upya. Kisha tukajaza majaruba maji ya mto, ambayo kipima chumvi cha mkononi kilisoma desisimensi 0.4, tukayaacha siku tatu, na asubuhi moja tukafungua. Maji yalitoka kwa dakika chache, yakasimama. Saa moja baadaye yalianza kurudi. Tukafunga haraka.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye tuta akitazama alinyanyuka. Miaka mingi alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. "Mwanangu," akaniambia, "umefungua wakati bahari inajaa. Itapokea vipi na yenyewe inakuja?" Kwenye mashamba ya chumvi, alieleza, wao huingiza maji ya bahari siku za bamvua yanapojaa kabisa, kwa sababu ndipo yanapofika juu. Lakini bamvua hiyo hiyo ndiyo inayokupwa mbali zaidi. Siku za maji mafu bahari haipandi sana wala haishuki sana, mfereji unabaki nusu. Kumwaga maji ya shamba ni kazi ya bamvua linapokupwa. Kwao ni kuingiza, kwetu ni kutoa. Lango ni lile lile.

Mimi nilikuwa nikiliogopa bamvua, kwa sababu ndilo lililovunja boma. Nilipanga kazi yote ya kuosha ifanyike siku za maji mafu, nikidhani ni siku salama. Yeye aliigeuza. Aliandika kwa chaki kwenye mlango wa ghala siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na pembeni saa ya kufungua na saa ya kufunga. Pwani yetu siku za bamvua maji hukupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, halafu kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Alisisitiza kufunga kuliko kufungua: lango lifungwe maji yakiwa bado chini, na anayelifunga asiondoke mpaka aone halivuji.

Tuliosha mara tatu kati ya mwanzo wa Januari na mapema Februari. Maji yaliyotoka mfereji mara ya kwanza yalisoma 11, ya pili 6, ya tatu 3.2. Yalikuwa angavu, hayana ile rangi ya togwa. Mwenyekiti alichota kwenye kiganja akaonja, akatema, akacheka.

Tulichelewa kupandikiza kwa wiki tatu. Wanachama wanne hawakustahimili, wakapandikiza baada ya kuosha mara moja tu.

Matokeo

Ekari 3 zilizopata jasi, mfereji na kuoshwa mara tatu zilitoa wastani wa gunia 9, na msimu uliofuata gunia 12 bila kuongezwa jasi. Jaruba moja la chini lililoachwa makusudi bila jasi mpya, likaoshwa vile vile kupitia mfereji, lilitoa kiwango cha gunia 6 kwa ekari, kisha 8. Jaruba jingine lilipewa jasi na mwenyewe kwa gharama zake, lakini mfereji haukulifikia: gunia 3. Waliopandikiza mapema walipata kati ya 4 na 5. Baada ya msimu wa tatu chumvi ya ekari zile 3 ilikuwa imeshuka hadi 3.4, na sodiamu hadi asilimia 13. Hatukufikia 10 tuliyoilenga.

Uchambuzi

Jaruba moja moja si utafiti, na mvua za mwaka wa tatu zilikuwa nzuri. Hata hivyo mpangilio wa namba hizo unaeleweka, na naweza kuusimamia. Mfereji na kuosha bila jasi mpya viliongeza gunia 3 juu ya hali ya mwaka uliotangulia. Jasi ikiongezwa juu ya hapo ilileta 3 nyingine, kisha 4. Jasi bila mfereji haikuleta kitu.

Ukija kwenye gharama hali inakuwa wazi zaidi. Kikundi kilizihesabu kwa gunia, na naona ni njia bora kuliko shilingi kwa kuwa bei hubadilika. Kuchimba mfereji na kutengeneza lango kuligharimu sawa na gunia 2 kwa ekari, zikarudi msimu ule ule. Kununua, kusafirisha na kusaga jasi kuligharimu sawa na gunia 9 kwa ekari, na kwa misimu miwili imerudisha 7. Usafiri ulikula zaidi ya bei ya jasi yenyewe, pamoja na kwamba machimbo yapo ndani ya mkoa. Mkulima mwenye pesa ya kitu kimoja tu ningemwambia achimbe mfereji. Jasi ije msimu unaofuata, kama glasi ya kwanza imetoa ukungu.

Nikirudi kwenye makosa, kugawa sawa lilikuwa langu na lilikuwa kubwa. Nilitafuta amani ya siku moja. Haki iliyofaa ilikuwa ile ya daftari la siku za kazi, na ilihitaji mtu asimame mkutanoni aseme jambo lisilopendeza, nami nilimwachia mwenyekiti alisimamie mwaka mmoja baadaye. Kosa la pili ni kudhani ukoko mweupe ndio ugonjwa wote. Ukoko unaonyesha kwamba chumvi ipo, lakini hausemi ni ya namna gani.

Lipo pia tulilomfanyia mtu asiyekuwa wa kikundi. Mfereji ulipita kando ya shamba la mahindi la jirani, na tuta lake likavuja wakati wa kuosha mara ya kwanza, maji yakiwa 11. Mahindi huanza kudhurika chumvi ikizidi 1.7, ni laini kuliko hata mpunga. Mistari minne ilikauka. Kikundi kilimlipa gunia 2 za mpunga na kushindilia tuta upya kwa mfinyanzi, lakini alikuwa na haki ya kuulizwa kabla mfereji haujachorwa, na hakuulizwa. Sasa kwenye ukingo ule wamepanda mtama, unaovumilia hadi 6.8.

Kuhusu majivu ya pumba na zinki, viliwekwa kila mahali kwa pamoja, kwa hiyo siwezi kuvipa sifa ya gunia hata moja.

Zimebaki ekari 2 chini ya boma. Moja itapata jasi msimu ujao. Nyingine ni lile jaruba la pembeni nilikookota bonge la jasi, na hapo bahari hupenya chini ya boma kupitia mashimo ya kaa kila bamvua; kipimo cha mwisho kilikuwa 7.8, na kilishapanda baada ya kuosha. Nimewaambia wasiweke jasi hapo, na kwamba ingekuwa bora boma lirudishwe nyuma na mikoko iachiwe nafasi. Mwenye jaruba ni mjane, alirithi kwa mumewe, na hana shamba jingine la mpunga. Kikundi kimemkatia robo ekari ya juu kwa msimu huu, na suala la boma litazungumzwa baada ya mavuno, yeye akiwapo.